"Kila Kitu Kipo Mtandaoni": Mwambieni Hivyo Mwalimu wa Mkalama

Kuna sentensi imenichosha, na wanaoipenda kuliko wote ni sisi tunaojiita watu wa vitabu: "Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni." Tunaisema kwenye makongamano, tunaiandika kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasomaji, tunamtupia mwalimu yeyote anayethubutu kusema hana cha kufundishia. Ana simu janja, ana bando, basi aache uvivu, agugo. Ukishasema hivyo umemaliza kazi, umemgeuza mwenye njaa kuwa mvivu, na wewe unaendelea na chai yako.

Nataka kuibishia sentensi hiyo kwa somo moja tu: historia na utamaduni wa Asia Mashariki, yaani China, Japani na Korea. Sikulichagua mimi. Mwalimu mmoja wa historia huku Singida, anayefundisha kidato cha tano na sita wilayani Mkalama, aliniomba tusaidiane kutafuta vya kusoma kabla hajaingia darasani na mapinduzi ya China ya mwaka 1949. Alikuwa na madesa yale yale yanayorithiwa kutoka darasa hadi darasa: sababu tano, athari tano, na ndani yake hakuna binadamu hata mmoja mwenye jina isipokuwa Mao. Yeye alitaka watu. Alitaka kujua mkulima wa Kichina alikuwa anakula nini, anadaiwa na nani, anaimba nini. Hayo si maswali ya anasa. Darasa la watoto wa wakulima wa alizeti na vitunguu lina haki ya kuuliza habari za wakulima wenzao.

Tulianza kwa Kiswahili. Ukiandika "historia ya China" unapata makala ya Wikipedia ya Kiswahili, na nawashukuru watu walioiandika bila kulipwa hata senti, lakini huwezi kuigeuza kuwa vipindi vitatu. Ukiongeza neno "utamaduni", unaanza kuuziwa: namna ya kuagiza mzigo Guangzhou, wakala wa nafasi za masomo, dawa za tumbo. Halafu zinafuata habari za ziara. Waziri fulani amepokelewa, mkataba umesainiwa, urafiki umedumishwa. Japani ni chache zaidi, magari yaliyotumika yakiongoza. Korea ni tamthilia.

Kwa Kiingereza, mambo yanabadilika kabisa, na hapa lazima niwe mkweli: vitu vipo, na ni vizuri. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kina mkusanyo wake wa Asia for Educators, umejaa nyaraka asilia, ramani na maswali ya darasani, na ni bure. MIT wana Visualizing Cultures, iliyoanza mwaka 2002, ambapo unaona picha ambazo Wajapani wenyewe walichora meli za Perry zilipowatokea mwaka 1853, na pembeni yake picha ambazo Wamarekani walichora tukio hilo hilo. Ukitaka maandiko ya kale ya Kichina, upo Chinese Text Project. Mwalimu akiwa na bando la kutosha na mtandao usiokatika, anaweza kukesha humo.

Lakini mikusanyo ya namna hiyo imeandaliwa na nani, kwa ajili ya nani? Kwa mwalimu wa Kimarekani mwenye projekta ukutani, anayefundisha watoto wa Kimarekani. Siwalaumu, hiyo ndiyo kazi yao. Perry ni babu yao, wanatakiwa wamjadili. Mtoto wa Mkalama anafika kwenye hadithi hiyo kupitia mlango wa nyuma wa nyumba ya mtu mwingine, anaambiwa alinganishe Asia na mahali asipopajua ili apaelewe mahali pengine asipopajua. Anakariri. Na sisi tunashangaa kwa nini wanafunzi wetu wanakariri.

Sasa ngoja niwaoneshe kitu ambacho hakuna mwalimu wa New York atakayekifikiria, na wala hapaswi.

Mwezi Novemba 1897 Wajerumani waliivamia ghuba ya Jiaozhou, mkoa wa Shandong, wakitumia kisingizio cha wamisionari wawili waliouawa. Mwaka uliofuata wakailazimisha China kuwakodishia eneo hilo kwa miaka 99, wakajenga mji wa Qingdao. Kaizari aliyekuwa na Qingdao ndiye huyo huyo aliyekuwa na Kilimatinde. Naam, Kilimatinde hii ya kwetu, wilaya ya Manyoni, ambako Wajerumani waliweka kituo cha jeshi kuilinda njia ya Tabora. Mnyaturu aliyelipishwa kodi ya kichwa na Mchina wa Shandong aliyenyang'anywa ardhi walikuwa chini ya dola moja, bendera moja, mfalme mmoja.

Shandong ikashika moto. Vijana wa vijijini, ukame umewachoma, wakajiunga na kundi ambalo wageni waliliita la mabondia, wakiamini kwamba mazoezi yao na mizimu inayowapanda vitafanya risasi zisiwadhuru. Mwaka 1900 wakawazingira mabalozi wa Ulaya mjini Peking kwa siku 55. Kaizari akawaaga askari wake bandarini Bremerhaven akiwaambia wasisamehe mtu na wasichukue mateka. Miaka mitano baadaye, Julai 1905, Umatumbi ikashika moto. Kinjikitile wa Ngarambe, maji, risasi zisizodhuru. Unaona? Wala hatuhitaji kutafuta mfano wa kulazimisha. Hata meli ni zile zile: manowari ya Thetis, iliyokuwa kwenye kikosi cha Wajerumani cha Asia Mashariki, ililetwa pwani yetu mwaka huo kusaidia kuzima Maji Maji. Na Mei 1905, miezi miwili tu kabla ya Umatumbi kuanza, Japani ilikuwa imeizamisha meli za Urusi pale Tsushima, taifa la Asia likaishinda dola ya Ulaya vitani mbele ya dunia nzima.

Mwalimu akiyaweka hayo ubaoni kwenye mstari mmoja, 1897, 1900, 1905, darasa haliwezi kulala. Yatazuka maswali yenyewe. Kwa nini watu wasiofahamiana kabisa, mmoja Shandong na mmoja Umatumbi, waliitafuta silaha ya aina moja? Kwa nini Japani haikuhitaji maji, ikanunua meli? Na huku kwetu kuna Liti, mama wa Kinyaturu ambaye wazee wanasimulia aliwapiga Wajerumani kwa nyuki, ambaye leo uwanja wa mpira wa Singida mjini unaitwa kwa jina lake. Unamfundishaje Liti peke yake, kama kioja cha kijiji, wakati alikuwa sehemu ya dunia nzima iliyokuwa inajitetea?

Ongeza fasihi. Tunayo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tangu mwaka 1969, kila aliyesoma Kiswahili anaijua. Wachina wanayo Teahouse ya Lao She, tamthilia ya mwaka 1957 inayoanzia mgahawani mwaka 1898, wakati huo huo Qingdao inakodishwa kwa nguvu. Lao She alizaliwa 1899, na baba yake, askari, aliuawa mwaka 1900 majeshi ya kigeni yalipoingia Peking. Tamthilia mbili, mabeberu wale wale. Zikisomwa pamoja zinatosha muhula mzima. Nimetafuta makala ya Kiswahili inayoziweka meza moja, na sijaiona. Nimetafuta tamthilia ya Lao She kwa Kiswahili dukani na mtandaoni, na sijaiona pia.

Hapo ndipo sentensi yetu inapokufa. Kila kitu kipo mtandaoni isipokuwa kile ambacho sisi tu ndio tungeweza kukiandika.

Najua nitaambiwa: acha mbali, watoto hawajui hata historia yao, wewe unawapelekea Asia. Hoja hii inasemwa kwa sauti ya uzalendo na huwa inapigiwa makofi. Lakini Asia ipo ndani ya hiyo historia yao. Sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili, jambo jema kabisa. Utafundishaje TAZARA, kilomita 1,860, bila kueleza kwa nini nchi maskini kama China ya mwaka 1970 ilikubali kuijenga, wakati huohuo ikiwa kwenye vurugu za Mapinduzi ya Utamaduni? Utaelezaje shangwe za ujumbe wetu Umoja wa Mataifa Oktoba 25, 1971, Salim Ahmed Salim akiwemo, China ilipopewa kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35, kama mwanafunzi hajui nani alikuwa amekikalia kiti hicho kabla? Ukiondoa Asia unabaki na nusu ya sentensi: "Wachina wakatujengea reli." Kwa nini? "Kwa sababu ni marafiki." Hilo jibu hata mtoto wa darasa la nne halimtoshi.

Na Japani je? Wengi wetu bibi zetu walijifunga Japani. Viwanda vya huko vilichapa kanga za soko letu kwa miongo kadhaa, maandishi ya Kiswahili yakapangwa na mafundi wasiojua neno hata moja la Kiswahili. Hebu fikiria hiyo kazi! Mtu wa Kyoto anapanga herufi za mafumbo ya mke mwenza wa Mombasa. Hapo una biashara, viwanda, ubeberu, sanaa na lugha ndani ya doti moja iliyokunjwa kabatini.

Au vuka Ziwa Eyasi kutoka Mkalama. Ng'ambo kule, Mangola, miaka ya 1960, walipiga kambi watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Mmoja wao, Umesao Tadao, aliishi na Wadatoga, hawa hawa ambao Singida tunawaita Wataturu na Wabarbaig na tunaokutana nao minadani, akarudi kwao na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1965. Baadaye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Makumbusho ya Taifa ya Ethnolojia ya Osaka. Kyoto wana jarida la African Study Monographs, liko mtandaoni, bure, mwalimu anaweza kupakua PDF leo hii. Kwa hiyo jirani yako mwenye ng'ombe ameandikwa kwa Kijapani na kwa Kiingereza, anasomwa Osaka, na mtoto wake hawezi kusoma hata ukurasa mmoja kuhusu watu waliokuja kumtazama baba yake. Swali la kwa nini vijana wa Japani, taifa lililoshindwa vita mwaka 1945, walifunga safari hadi Eyasi kutafuta asili ya binadamu, ni swali la historia ya Japani. Jibu lake lilikaa hemani kwa jirani zetu.

Wenzetu hawakusubiri. Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Peking wakachapa kwa Kiswahili maandishi ya Mao na vitabu vya watoto. Kiswahili kinafundishwa Beijing, kinafundishwa Osaka, kinafundishwa Chuo Kikuu cha Hankuk kule Seoul. Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021, Shanghai hawakukaa, wakaanza kumtafsiri. Sisi tulipata Peponi mwaka 2022, kwa juhudi za Ida Hadjivayanis na Mkuki na Nyota, na Mungu awabariki. Upande wa pili wa barabara hali ikoje? Mwaka 2024 Han Kang alipopata Nobeli, magrupu yetu yalijaa hongera kwa Kiswahili safi. Nikauliza nani ana ukurasa wake mmoja uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Kimya. Kawabata alipata mwaka 1968, Oe 1994, Mo Yan 2012. Tumekuwa na muda.

Wapo wanaonijibu kwamba tuna Taasisi ya Confucius, Dar es Salaam na Dodoma, zote tangu 2013, na hiyo ya Dodoma iko kilomita kama 240 tu kutoka Singida mjini. Ni kweli, na vijana wanajifunza lugha, sipingi. Ila taasisi ile inalipiwa na dola, na dola yoyote husimulia habari zake ikiwa imechana nywele. Usitegemee ikufundishe njaa kubwa ya mwaka 1959 hadi 1961 iliyoua mamilioni ya wakulima, au kilichotokea uwanja wa Tiananmen Juni 1989. Washington nao wana namna yao ya kuisimulia China, na siku hizi ni ya hofu. Mwalimu wetu amekaa katikati, mkono mmoja ameshika Beijing, mwingine New York, na mfukoni hana chake. Hilo ndilo linaloniuma. Kwa nchi ambayo miaka ya 1960 ilikataa kuchaguliwa marafiki, leo tunakubali kuchaguliwa maneno.

Nani basi amefundisha Asia kwa Kiswahili? Vibanda umiza. Lufufu huku kwetu, DJ Afro kule Kenya, na wengine wengi waliosimama na maikrofoni wakatafsiri muvi za Hong Kong na kuongeza ya kwao. Sizoni ya Jumong, vipande 81, ilizunguka nchi hii kwa CD za mtaani mpaka watoto wakaitana majina ya Kikorea. Kijana wa Kiomboi alijua ukoo mzima wa mfalme wa Goguryeo, asijue kwamba Goguryeo ilikuwa dola ya kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Msomi angeingia na kurasa kumi tu: huyu Jumong ni nani, hadithi inasema alianzisha dola mwaka 37 kabla ya Kristo, wanahistoria wanasemaje, na kwa nini hadi leo China na Korea zinagombania Goguryeo ni ya nani. Hakuna aliyeingia. Msomi alikuwa bize kuwacheka watu wa vibanda umiza.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi Beijing wala Columbia, na wala haiendi kwa Taasisi ya Elimu, ambayo angalau imeweka vitabu vyake vya kiada kwenye maktaba mtandao. Inakuja hapa hapa. Ipo kwa watu waliosoma Wuhan, Nanjing, Nagoya na Seoul kwa fedha za umma wa mataifa mawili, wakarudi na shahada na picha za barafu, wasiandike hata barua ndefu kwa Kiswahili. Ipo kwa wahadhiri wanaoandika kuhusu TAZARA kwa Kiingereza ili wapande cheo. Kitabu bora ninachokijua kuhusu reli hiyo, Africa's Freedom Railway cha mwaka 2009, kimeandikwa na Mmarekani, Jamie Monson, aliyekaa na wastaafu wa reli na kuwasikiliza. Ni kitabu kizuri sana. Mjukuu wa mstaafu huyo kule Mlimba akitaka kujua babu alisema nini, ajifunze Kiingereza na atafute dola.

Na ipo kwetu wa Julai 7. Tunavaa vitenge, tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, tunahutubiana kwamba lugha yetu ni ya kimataifa. Lugha ya kimataifa ni ile inayoweza kuizungumzia dunia. Kiswahili chetu mtandaoni kinajizungumzia chenyewe: ushairi wake, ngeli zake, asili yake, utukufu wake. Kama mgeni anayekuja kukutembelea na kuongea habari za afya yake tu mpaka usiku.

Msinijie na hoja ya kwamba sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Aliyewahi kukaa darasani Tanzania anajua mwalimu anaandika Kiingereza ubaoni na anaeleza kwa Kiswahili. Kuelewa kunatokea kwa Kiswahili. Mtihani ndio Kiingereza. Na mwalimu mwenyewe, saa nne usiku, amechoka, chaji asilimia kumi na tano, anaelewa haraka zaidi kwa lugha gani?

Ninachodai si mradi wenye wafadhili. Kurasa nane hadi kumi na mbili kwa mada moja. PDF isiyozidi uzito wa picha mbili za simu, ipite kwenye WhatsApp, iweze kuprintiwa steshenari ya Nduguti bila mwalimu kula mshahara wake. Nyaraka mbili tatu zilizotafsiriwa, ikiwezekana moja kwa moja kutoka Kichina au Kijapani, na wanaoijua lugha hizo wapo, tunawaona wakiwatafsiria wakandarasi. Ramani moja ya mistari, kwa sababu picha ya rangi ikitolewa fotokopi inakuwa lami. Jina la mwandishi chini yake, ili akikosea tumkamate.

Ya Kilimatinde na Qingdao nimeianza mimi, iko ukurasa wa sita, na mwalimu wa Mkalama ameshanirudishia miwili yenye wino mwekundu. Ya Jumong kuna kijana wa Manyoni ameniomba nimwachie. Ya kanga na viwanda vya Japani haina mwenyewe. Ya Mangola inahitaji mtu anayesoma Kijapani, na najua mpo angalau watatu mnaosoma blogu hii, maana huwa mnanisahihisha majina.